Chama cha Bi Pimbi

– Paukwa!
– Pakawa!
– Pakawa bwawa.
– La nani?
– Ndio ugomvi wenyewe, tulieni.

Kiboko alilitaka bwawa lote, ajigaragaze. Fisi alilitaka lote, ukoo wake unywe kwanza na unywe mwisho. Kila kiangazi walishindana kwa kura, na mmoja akishinda, wadogo walilamba tope. Bi Pimbi, mama wa watoto wanne, alilamba tope mpaka akachoka.

Kura zenyewe zilipigwa hivi: wafuasi walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, na Korongo akaupima kwa hatua zake, ta, ta, ta. Mwenye mstari mrefu ndiye mshindi. Vichwa havikuhesabiwa hata siku moja.

Basi Bi Pimbi akaunda chama. Si cha Kiboko, si cha Fisi, cha katikati. Wanachama walikuwa saba, na mmoja wao Kobe. Kiboko akamwambia mstari wake utaishia kwenye mkia wake, na Pimbi, jamani, mkia hana.

Siku ikafika. Wa Kiboko wakabanana, kila mmoja anataka kuwa karibu na mkubwa. Wa Fisi wakabanana zaidi. Bi Pimbi akawaambia wake, “Achianeni nafasi.” Wakaachiana. “Achianeni tena.” Wakaachiana tena, Kobe akapotelea nyuma ya kilima. Korongo akapima, ta, ta, ta, mpaka adhuhuri ikamkuta njiani.

Bi Pimbi akashinda! Akachimba mfereji katikati ya miamba, mwembamba, Kiboko hapiti, pua ya Fisi haifiki. Chururu, chururu, wadogo wakanywa.

Kiangazi kilichofuata, hila ilishajulikana kwa wote. Wa Kiboko wakaachiana nafasi. Wa Pimbi nao wakaachiana kwa mazoea, mpaka Kanga akajikuta kwa Fisi na Digidigi akajikuta kwa Kiboko. Kobe hakuwa amerudi tangu mwaka jana. Korongo akapima mstari wa Bi Pimbi: ta. Basi.

Bi Pimbi aliumia, maana aliwapenda wale. Akaenda mferejini alie kidogo. Akawakuta hapo hapo, Kanga, Digidigi na wengine, wanakunywa na watoto wake, macho chini kwa aibu.

Mara Kobe akatokea, vumbi tupu, anahema.

“Tumeshinda?” akauliza.

Bi Pimbi akawatazama wote.

“Tumeshinda, mzee wangu. Kunywa.”

Ngano yangu imekunywa, imejifuta mdomo, imekwenda zake. Funzo: usisimame katikati, utabaki peke yako. Anayebisha akaombe maji kwa Kiboko.