Gunia la Marehemu Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyua zao na majirani wao wakorofi, Bi Nguchiro aliamka akamkuta Nyati amelala juu ya matuta yake ya viazi.

"We! Toka hapo!"

Nyati kimya. Alikuwa amekufa.

Alama za kuburuzwa zilianzia kwenye uzio wa Kifaru. Mwenyewe alikuwa amesimama hapo.

"Pole na msiba, jirani."

"Msiba wangu au wako? Ameburuzwa kutoka kwako!"

"Wapi! Upepo huo."

Tembo, mjumbe wa mtaa, akaja kuangalia. "Mila unaijua, bibi. Mzoga ukikutwa kwako, unauzika wewe. Jua likizama haujazikwa, unahama."

"Kwa vidole hivi, mjumbe?"

"Sikuitunga mimi."

Kifaru akaanza kuupima uwanja kwa hatua. "Hapa nitachimba dimbwi langu la matope."

Bi Nguchiro akamsogelea Nyati. Akamchungulia masikioni, akacheka kidogo. Akaingia ndani, akatoka na gunia. Akawa anapukuta na kukusanya, anapukuta na kukusanya, hadi gunia likatuna. Akalifunga kwa kamba.

"Mjumbe, anayezika ndiye anayerithi, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi hivi ndivyo alivyokuja navyo marehemu. Ngoja nichimbe."

Kifaru akalibonyeza gunia kwa mdomo. Vitu vidogo, vya mviringo, vingi.

"Kunde!" alinong'ona. Kisha akaangua kilio. "Uwiii! Binamu yangu! Nani kasema azikwe na mtu baki?"

"Binamu yako tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa! Mjumbe, mimi ndiye mfiwa!"

"Basi zika," alisema Tembo.

Gubu! Gubu! Kifaru alichimba kwa pembe na kwa miguu. Kufikia adhuhuri Nyati alikuwa amezikwa, na Kifaru hata jasho hakufuta. Alilitwaa gunia, akaachama, akalipasua juu ya kichwa chake ili isipotee hata moja.

Walikuwa kupe. Kupe mia tano, na hawakuwa wamepata kifungua kinywa.

"Yalaaa! Masikioni! Mjumbe, nitoe!"

"Mila hairuhusu kurudisha urithi."

Kifaru alitimka, tifu tifu tifu, hadi mtoni. Bi Nguchiro akachukua jembe, akaanza kuyainua matuta yake.

Watoto wangu, anayemtupia jirani mzigo wake hurudishiwa, pamoja na vyote vilivyomo.