Mgagani Usiongoja Kupandwa

Kulikuwa na wakati, na nyinyi mliozoea kuchuma mgagani jalalani hamtasadiki, ambapo mboga hiyo haikuota popote ila ilipopandwa. Maganda yake yalikuwa magumu kama kokwa. Hayakupasuka mpaka yatwangwe, na mbegu zake zilikaa kwenye kibuyu cha ukoo mmoja tu.

Kibuyu hicho alikitunza Nyamizi, kama mama yake alivyokitunza. Aliapishwa kwamba mbegu zisitoke nje ya ukoo, naye alikuwa mtu wa kiapo. Tena alijivunia, tusimfichie.

Mwaka wa njaa, mvua ya kwanza iliponyesha, alikuja Kabula, jirani wa ukoo mwingine, mtoto mgongoni.

"Mama, nipe mbegu za kiganja kimoja tu. Mtama bado sana, na mgagani huchumwa kabla mwezi haujaisha. Mtoto hana hata nguvu ya kulia."

Nyamizi alimtazama mtoto. Moyo ulimuuma, ulimuuma kweli. Lakini akasema, "Za ukoo hazitoki, mwanangu," akafunga mlango.

Siku ya ishirini shamba lake lilikuwa kijani tupu. Alikuwa akichuma aliposikia kilio kwa Kabula, akajua. Aliona haya kwenda. Alisimama palepale mpaka jua likapinduka, ndipo akatwaa kibuyu, akakimbia pamoja na uzee wake. Akakuta kaburi dogo limeshafukiwa.

"Umechelewa, mama," alisema Kabula, bila hasira. Lo, afadhali angemtukana!

Nyamizi akapiga magoti. Akamwaga kibuyu chote, kuanzia kaburini hadi mlangoni kwa Kabula, akizikandamiza mbegu kwa kiganja huku machozi yakidondokea udongo.

Mvua iliponyesha tena, ukaota mgagani wa namna nyingine: majani matano kwenye kikonyo kimoja, yametanuka kama vidole. Ukiushika unanata, ukiuonja ni mchungu. Na maganda yalipokauka, yalipasuka yenyewe.

Na tangu siku hiyo mgagani huota zizini, jalalani, mlangoni kwa yeyote, haungoji kupandwa. Anayeuchuma huacha shina moja likomae, limwage mbegu. Na ukimkuta mwanamke mgeni akichuma shambani mwako, humwulizi ni wa ukoo gani. Unamwuliza tu kama mtoto ameshakula.