Chura Mshenga na Kiko cha Maji

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Wa kusinzia akasinzie kwao.

Hapo zamani za kale, viko vyote vilikuwa vikavu, na moshi wake ulikwaruza koo kama pilipili. Mzee Kasanda alikuwa na kiko cha namna hiyo, na alikuwa na binti, Nyamizi, fundi wa kusonga ugali. Nyamizi alimpenda Lugembe. Lakini mila ya kwao ilisema mshenga avute kwanza kiko cha mwenyeji ndipo alete posa. Akikohoa, posa imeanguka. Basi mzee, kwa kuhofia kuukosa ugali wa binti yake, alishindilia tumbaku kali kuliko zote. Mchoyo yule!

Lugembe akamtuma Nyani. Nyani akavuta. Kho, kho, kho! Akashika njia.

Akamtuma Fisi. Fisi akavuta. Kho, kho, kho! Akasahau hata mifupa aliyowekewa, akashika njia.

Nyamizi akalia jikoni. "Nitazeekea hapa, mwiko mkononi."

Mara ya tatu akaja Chura, na kibuyu cha maji ya kujirashia njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mshenga. Vuta."

"Nitavuta. Ila sisi watu wa bwawani, kikavu hakitupiti kooni. Nyamizi, mwanangu, nitobolee kibuyu hiki ubavuni, juu ya maji."

Nyamizi akatoboa. Chura akateremsha shina la kiko ndani ya maji, akachomeka mwanzi kwenye tundu, akavuta. Koro, koro, koro! Moshi ukaja umepoa. Chura hakukohoa.

"Lete nami nijaribu," akasema mzee. Koro, koro, koro! Akafumba macho kwa raha.

"Mzee, Lugembe anamtaka Nyamizi."

Koro!

"Una neno?"

Koro!

"Unakataa?"

Mzee alitaka sana kukataa. Lakini kusema ni kuuachia mwanzi, na kuuachia hakuweza.

"Hakukataa," Chura akawaambia majirani. Nyamizi akapiga kigelegele, furaha imemjaa, na ngoma ikalia mpaka asubuhi.

Ndipo watu wakajua kiko cha maji. Ila moshi ni moshi tu: kulipokucha mzee alikohoa vilevile. Kisha akaita, "Nyamizi, ugali!"

Nyamizi keshakwenda kwa Lugembe. Akaita tena. Akaita tena. Akainuka, akatafuta mwiko.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mzee bado anasonga, na mabuje ya unga mbichi tele.