Digidigi na Jezi ya Mwisho ya Bondeni

Sogeeni, wanangu, kaeni vizuri. Na msinikatize, maana hadithi hii hunichanganya hata mimi ninayeisimulia.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na nyumba zao, wakipika ugali na kununiana kwa sababu ya mpira, palikuwa na timu mbili. Moja iliitwa Bondeni, jezi zake rangi ya chungwa. Nyingine iliitwa Nyikani, jezi zake zambarau. Mimi ni Bondeni, siwafichi, kwa hiyo mkiona nawasema vibaya wale wengine, nivumilieni.

Shabiki mkubwa wa Bondeni alikuwa Ngiri, mwenyekiti wa tawi. Ngiri hakuwahi kuupiga mpira hata siku moja, lakini maoni alikuwa nayo tele. Kila jioni aliketi kibarazani kwake, kikombe cha kahawa mkononi, mkia juu, akipanga kikosi.

Msimu ulikuwa unakaribia. Nafasi zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja tu, ya winga wa kulia. Jezi ilikuwa imebaki moja, na wakubwa wawili walikuwa wanaigombania, Nyati na Kifaru.

"Nyati!" Ngiri alipiga kelele siku ya kwanza. "Nguvu zile jamani! Akija, puu! Beki chini!"

Kesho yake alipiga kelele tena.

"Nyati? Nani kasema Nyati? Nyati hageuki! Akianza kukimbia anapitiliza mpaka kijiji cha pili. Kifaru ndiye!"

Mkewe akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Watoto, si wewe uliyesema Kifaru haoni?"

"Haoni, lakini anafika!"

"Anafika wapi, kama haoni?"

Ngiri akasogeza kikombe. Akakuna kichwa.

"Mke wangu, usinichanganye. Mambo ya mpira ni mazito."

"Na Nyikani je? Msimu uliopita walitufunga."

"Nyikani si timu! Yule nahodha wao Mbuni ni shingo tupu. Walitufunga kwa bahati. Halafu jua lilikuwa machoni kwetu. Halafu refa." Akanywa kahawa iliyokwisha poa. "Wote walikuwa dhidi yetu."

Sasa, chini ya ngazi za kibaraza hicho alisimama Digidigi, mdogo, miguu myembamba, masikio wima. Kazi yake pale Bondeni ilikuwa kuokota mipira. Mpira ukipaa ukaangukia kwenye miiba, wote hugeuka na kuita, "Digidigi!" Naye huingia, chaka-chaka-chaka, akautoa. Miguu yake ilikuwa imejaa makovu. Lakini mpira huo akiurudisha, huurudisha kwa mguu, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya njiani.

"Shikamoo, mwenyekiti," akasema.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Winga wa kulia."

Kibaraza kizima, kilichojaa wachezaji na mashabiki jioni ile, kiliangua kicheko. Nyati alicheka mpaka akapaliwa. Kifaru naye alicheka, ila aligeukia nguzo badala ya Digidigi.

"Wewe?" Ngiri akasema. "Wewe kijiti! Sikilizeni nyote. Siku Digidigi akifunga bao, mimi Ngiri, mwenyekiti wa tawi, nitavaa jezi ya zambarau ya Nyikani na nitapita nayo sokoni mchana kweupe!"

"Heee!" wakashangilia.

Digidigi hakucheka. Ilimuuma, wanangu. Kocha alikuwa amekwisha mwambia kwamba asipopata nafasi msimu huu, ataandikwa mwokota mipira moja kwa moja, na mambo ya kucheza ayasahau. Akainamisha kichwa, akaondoka taratibu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Kocha mwenyewe alikuwa Korongo, ndege mrefu wa mguu mmoja chini na mmoja juu. Siku iliyofuata akawaita wachezaji wote.

"Nimechoka na uchelewaji wenu," alisema. "Tunacheza mechi ya kirafiki na Nyikani. Sitaki maneno ya vibarazani. Kati ya wanaoitaka jezi iliyobaki, nitakayemkuta ndani ya uwanja kipenga kikilia, ndiye winga wangu."

"Hata mimi, kocha?" Digidigi akauliza.

Korongo akamtazama kwa jicho moja. "Nimesema nitakayemkuta."

Uwanja wenyewe ulizungushiwa ua wa miiba ya mgunga, mrefu na mnene, na lango lilikuwa moja tu. Lango pana, wazi, halina hata komeo. Shikeni hapo.

Asubuhi ya mechi Digidigi akaenda mapema langoni. Akakwangua udongo kidogo kwa kwato, kwaru, kwaru, kisha akausawazisha. Alikuwa ameokota ganda la yai la mbuni jalalani. Akaenda nalo kwa Ngiri, ambako wachezaji walikuwa wamekusanyika.

"Mwenyekiti, mimi sisemi kitu," akanong'ona. "Nauliza tu. Ganda hili nimelishika pale langoni asubuhi hii, na udongo wa pale umefukuliwa. Ni la nani?"

Ngiri akalishika. Akalinusa. Macho yakamtoka.

"La Mbuni! Ala! Wametufanyia kitu! Wamefukia dawa langoni!"

"Mimi sijui, mwenyekiti. Mimi naokota mipira tu."

"Wewe huwezi kujua, ni mambo ya ufundi haya!" Ngiri akaanza kuzunguka kibaraza. "Timu haipiti langoni leo. Atakayepita pale, miguu itakuwa mizito!"

"Basi watapita wapi?"

Ngiri akasimama. Akatazama juu, akatazama chini, mwishowe akatazama nyumba yake mwenyewe. Nyinyi mnajua nyumba ya ngiri ilivyo. Ni shimo, na ngiri huingia kwake kinyumenyume, matako mbele, pembe nyuma, na hajawahi kudhurika.

"Kinyumenyume!" akapiga kelele. "Tutatoboa ua kwa nyuma, na kila mchezaji ataingia kinyumenyume! Dawa haimjui mtu asiyeonyesha uso!"

"Akili nyingi, mwenyekiti," Digidigi akasema. "Lakini je, kama hakuna dawa? Si afadhali mmoja ajaribu lango kwanza? Mmoja ambaye akiharibika, si hasara?"

Wote wakageuka. Wakamtazama yeye.

"Mimi?" Digidigi akatetemeka. "Jamani, mnionee huruma!"

"Utapita langoni," Nyati akasema. "Ukianguka, tutajua."

"Ni amri ya tawi," Ngiri akamalizia.

Digidigi akatoka pale akilia kwa sauti. Alipopita kona tu akajifuta machozi, akaanza kukimbia, kata-kata-kata, moja kwa moja hadi kambi ya Nyikani. Akamkuta Mbuni ananyoosha shingo.

"Nahodha, mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Manyoya haya magumu ni ya nani? Yalikuwa langoni, na udongo umefukuliwa."

Mbuni akayatazama kwa jicho la kulia, akayatazama kwa la kushoto.

"Ya Ngiri! Mungu wangu! Hatupiti pale!"

Sasa mimi hapa ndipo ninapochanganyikiwa, wanangu. Manyoya ya Ngiri, Digidigi aliyapata wapi? Wengine husema aliyachomoa kibarazani. Mimi nasema Ngiri alikuwa mzee, yalikuwa yanadondoka yenyewe. Basi, tuendelee.

Saa ya mechi ikafika. Mwamuzi alikuwa Kobe. Kwa kuwa anajijua, alikuwa ameanza safari mapema sana, akapita langoni polepole bila habari na mtu, akawa katikati ya uwanja anautoa mchanga ulioingia kwenye kipenga. Kocha Korongo akaja kwa mabawa, akatua pembeni. Digidigi akapita langoni huku akijifanya anachechemea, akasimama upande wa kulia. Hakuna aliyemwona, maana wote walikuwa nyuma ya uwanja.

Na huko nyuma ya uwanja, ilikuwa balaa.

Bondeni walifika kinyumenyume. Nyikani nao walifika hapohapo wakitokea upande mwingine, wanatafuta pa kutoboa. Nyati akarudi nyuma kwa nguvu, chwaa! Miiba ikamshika mkia, akageuka kuitazama, pembe nazo zikanasa.

"Nivuteni!"

"Tukuvute mbele au nyuma?" Ngiri akauliza.

"Mbele!"

"Mbele yako au yetu?"

Kifaru naye alikuwa anarudi nyuma. Kwenda mbele haoni, sembuse nyuma! Akarudi, akarudi, gubu! Akamkalia Mbuni.

"Toka juu yangu, wewe Bondeni!"

"Nani yuko chini yangu?"

"Nahodha wa Nyikani!"

"Nyikani? Nyinyi mnafanya nini huku? Si lango mmeliharibu wenyewe?"

"Sisi? Nyinyi ndio mmefukia dawa!"

Ngiri akasimama katikati yao, jasho linamtiririka.

"Ngojeni," akasema. "Ngojeni kwanza. Kama nyinyi mmetufukia, mbona hampiti? Na kama sisi tumewafukia..." Akatazama kwato zake. "Sisi tumewafukia?"

"Wewe ndiye mwenyekiti!" Mbuni akafoka kutoka chini. "Unatuuliza sisi?"

Priiiii! Kipenga kikalia.

Wote wakachungulia kwenye matundu ya ua, chungwa na zambarau wamebanana shavu kwa shavu.

Ndani, uwanja ulikuwa mtupu. Katikati alikuwa Kobe. Pembeni alikuwa Korongo. Na mbele ya mpira alikuwa Digidigi peke yake.

"Mwamuzi," Digidigi akauliza, "nianze?"

Kobe akatazama huku, akatazama kule. "Kipenga kimelia," akasema. "Sioni wa kukuzuia."

Digidigi akaugusa mpira. Akausukuma taratibu, tii, tii, tii. Hakukimbia. Alitaka waone vizuri. Alipofika golini kwa Nyikani akasimama, akageuka kuwatazama wale wa kwenye ua, halafu akaupiga kwa kisigino.

Gooooo!

Ngiri alishangilia kabla hajajua anashangilia nini. "Bao! Bondeni bao! Tumewafunga! Nilisema mimi, Nyikani si timu! Nani kafunga? Nani kaf..."

Akaona miguu myembamba. Akakaa chini.

"Mke wangu alisema nisiweke nadhiri hadharani," akasema polepole.

Korongo akamwita Digidigi, akampa jezi ya mwisho. Ilimfika magotini. Kisha akatazama uwanja mtupu, akamfunga mkononi na kitambaa cha unahodha.

"Kocha, hiki si cha wakubwa?" Digidigi akauliza.

"Nahodha huchaguliwa miongoni mwa waliopo," Korongo akajibu. "Wewe unamwona nani mwingine?"

Digidigi akakishika kile kitambaa. Safari hii machozi yalikuwa ya kweli, na hakuyaficha.

Wakubwa walipofanikiwa kutoka kwenye miiba, Ngiri alikwenda langoni akafukua. Akafukua asubuhi, akafukua jioni, udongo ukawa kichuguu. Hakupata dawa. Alipata mzizi mmoja mtamu, akaula, na mpaka leo haelewi kama huo ndio ulikuwa dawa yenyewe.

Lakini ahadi ni ahadi, na kibaraza kizima kilisikia. Siku ya soko Ngiri akavaa jezi ya zambarau. Ilimbana tumboni. Ili asionekane uso, aliingia sokoni kinyumenyume, akidhani hakuna atakayemjua. Akasahau kwamba mkia wake husimama.

"Mwenyekiti, shikamoo!" wakapiga kelele wauza nyanya, wauza mkaa, wateja wote. "Umehamia Nyikani?"

"Sijahama!" Ngiri akalia. "Au nimehama? Hebu niacheni, nimechanganyikiwa!"

Na katikati ya kelele hizo akapita Digidigi, kapu la mama yake begani, jezi ya chungwa ikimpigapiga magotini. Akasimama, akamwamkia kwa adabu, kisha akampisha njia.

Hadithi yangu nimeitua hapo, wanangu, nanyi bebeni mtakachoweza: anayeliogopa lango lililo wazi, mechi itaanza bila yeye.