Marahaba ya Mama Ndovu

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya mababu. Kale hii ilikwisha kuwa na simu. Mnacheka? Haya, chekeni mmalize, kisha mnisikilize.

Mama Ndovu alikuwa mjane, akiishi bondeni katika nyumba yenye mlango mpana na mkeka mpana zaidi. Darini kwake aliishi Kindi, kiumbe mdogo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Wana wa Mama Ndovu, Kibwana na mdogo wake Shomari, walikuwa na miji yao kule mlimani, mwendo wa asubuhi moja tu.

Zamani walikuwa hawakosi kuja. Tim! Tim! Tim! Ukisikia ardhi inatikisika, ujue wamefika. Kisha simu zikaingia, na kila mmoja akafungua ukurasa wake mtandaoni.

Kibwana akaandika, "Shikamoo mama, malkia wangu!" Pundamilia wakammwagia mioyo myekundu.

Shomari akaona wivu. Akabandika picha ya mama yao alipokuwa msichana, akaandika, "Shikamoo mama! Hakuna akupendaye kama mimi!" Twiga wote wakamtumia vikaragosi vinavyolia.

Na Mama Ndovu mwenyewe? Kila asubuhi simu yake ililia, ting! Aliisogeza karibu na macho, akasoma ile shikamoo, akaitikia kwa sauti.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Simu, kimya. Alingoja kidogo, kisha akaiweka kando.

Kindi aliyasikia hayo yote kutoka darini, na roho ilimuuma. Lakini kilichomtisha hasa ni chakula. Mama Ndovu alilelewa kula na wenziwe kwenye sinia moja, na tonge la peke yake halikumpita kooni. Alipika, akapakua, akatazama, akafunika. Ngozi yake ikazidi kulegea. Mtasema ngozi ya ndovu hulegea siku zote. Ndiyo, lakini hii ilining'inia.

"Mama, kula basi," Kindi alimsihi.

"Nitakula wakija."

"Watakuja lini?"

"Wana shughuli nyingi, mwanangu. Ila wananikumbuka. Huoni wananiamkia kila siku?"

Kindi akaona huyu mama atakufa na njaa huku chungu kimejaa. Hakumwambia kitu. Alipanda darini, vidole vikaenda mbio, ta-ta-ta-ta, akatengeneza tovuti. Akaiita Nyumbani kwa Mama Ndovu, na mbele yake akaandika: "Humu ndani mna jina la mwana nimpendaye kuliko wote. Tovuti hii hufunguliwa na sauti ya Mama mwenyewe, akiitikia shikamoo. Leta simu yako mdomoni kwake."

Lo! Kibwana alipoyaona hayo alikurupuka kama aliyekalia siafu. "Jina langu hilo! Lakini Shomari asije akanitangulia!"

Na Shomari naye, huko kwake, alishatoka mbio.

Tim! Tim! Tim! Vumbi likatanda bonde zima. Wakakutana mlangoni, wakasukumana, kila mmoja anataka kuingia kwanza.

"Hodi!"

"Hodi, mama!"

"Karibuni! Jamani, ni wanangu hawa?"

"Shikamoo, mama!" Kibwana akamsogezea simu mdomoni.

"Marahaba, mwanangu!" Sauti ilimtetemeka kwa furaha.

Tovuti haikufunguka. Shomari akajaribu yake. Wapi! Nayo vilevile.

"Mbona mnanipa simu mdomoni?" Mama akauliza. "Mnataka niile?"

Wakatoka nje, wakainua mikonga kuelekea paani. "Wewe Kindi! Mambo haya ya tovuti ndiyo kazi yako. Mbona haifunguki?"

"Sauti ya mama haina nguvu, kaka zangu. Ana njaa. Mlikula naye lini?"

Hakuna aliyekumbuka.

Basi Kibwana akaenda kuteka maji, Shomari akapasua kuni. Sinia likatua mkekani, wakalizunguka. Mama akala! Akala, akauliza habari za wajukuu, akacheka alipoambiwa mmoja ameng'oka jino na analitafuta mpaka leo. Kibwana akauona mkonga wa mama yake ukitetemeka kila unapobeba tonge. Kwenye picha ulikuwa hautetemeki. Akaona haya, akalisogeza sinia karibu naye.

Walipomaliza akajaribu tena. "Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Safari hii sauti ilijaa nyumba nzima, ndege wakaruka puruuu kutoka kwenye paa.

Simu, kimya. Hapo Kibwana akaelewa. Akatoka nje, mkonga ukapanda, nyaku! Akamkamata Kindi mkia.

"Ndani ya tovuti mna nini?"

"Hamna kitu, kaka. Ni mlango tu."

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya," Kindi akasema, akafumba macho. Moyo wake ulidunda pu, pu, pu, akijua akibamizwa chini ndiyo mwisho wake.

Mama Ndovu akatokeza mlangoni, uso umechangamka, macho yake hafifu yasione kilicho mkongani mwa mwanawe.

"Kindi, uliko huko, umewaona wanangu? Hakuna aliyewaita! Wamenikumbuka wenyewe tu!"

Kibwana akamtazama mama yake, akamtazama yule Kindi anayening'inia. Taratibu, akamrudisha paani.

"Ndiyo, mama," akasema, machozi yakimlengalenga. "Tumekukumbuka wenyewe."

Na ili neno lile lisibaki kuwa uongo, juma lililofuata alikuja tena, na mdogo wake nyuma yake, wala hapakuwa na aliyewadanganya.

Basi wanangu, anayekupenda mwamkie pale utakapomsikia akikuitikia.