Mshangilia Mbio Ndiye Mkata Breki

Mmegeuza nyuso, vijana. Nakijwa amepita hapa sasa hivi, ameitazama baiskeli yenu mliyoifunga injini, amesema, "Mshangilia mbio ndiye mkata breki," akaenda zake. Nanyi mkaanza kuangalia cheni, kuangalia mlima, kuangalia kila kitu ila mpini usio na breki. Nawajua. Mimi pia niliwahi kuangalia mlima. Mmeniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetokana na mimi, na sijivunii. Kaeni.

Methali hii chanzo chake ni hiki.

Miaka hiyo lori la wanunuzi lilipanda hadi hapa kijijini kuchukua tangawizi. Walitupangia bei watakavyo, na aliyebisha aliambiwa abaki na magunia yake yaoze. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha wakulima. Shule niliachia darasa la nne, lakini niliandika barua, nilisimama mikutanoni, nikawatukana waliostahili. Majina yao ninayo hadi leo. Njia ya kuwakwepa ilikuwa moja tu: tushushe wenyewe hadi gulioni kwa baiskeli, gunia moja moja, kisha mtu atumie nusu siku kuisukuma baiskeli kurudi mlimani.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana kosa limo humo. Baiskeli ya tangawizi haikuwa na breki. Tulizing'oa siku ileile iliponunuliwa. Tulisema zinanasa tope, ila ukweli ni kwamba breki tulizihesabu kuwa vitu vya mwalimu na mchungaji. Mwanamume wa mlimani alisimamisha baiskeli kwa mguu: anaushusha hadi tairi la mbele, anakandamiza kwa soli ya katambuga, kile kiatu cha mpira wa tairi, tairi linalia, baiskeli inatulia. Kwa gunia moja ilitosha. Aliyekutwa na breki alitaniwa mpaka siku ya harusi yake.

Mbonea, mdogo wake huyu Nakijwa, alikuwa fundi. Alichukua injini ya pampu ya kumwagilia, akaikalisha katikati ya fremu, akachomelea vishikizo, akafunga cheni ya pili upande wa kushoto, akarefusha kibebeo cha nyuma kikachukua magunia mawili. Siku alipoiwasha, ilipanda mlima huu yeye hajagusa pedali. Wazee walivua kofia. Mimi nilitokwa machozi, siwafichi. Nililiona lile lori likirudi tupu.

Mbonea hakufurahi kama sisi. Aliizima injini, akaizunguka, akasema, "Bado, Katibu. Kupanda inapanda. Nataka breki mbili, mbele na nyuma, zile nene za pikipiki. Nimeagiza mjini, zinafika Jumamosi. Halafu niijaribu tambarare bila mzigo, niongeze kidogo kidogo."

"Gulio ni Alhamisi," nikamwambia. "Nimeshawatangazia watu."

"Basi Alhamisi ya wiki ijayo."

"Wiki ijayo wanunuzi watakuwa wamesikia, watajipanga. Kwani mguu wako umekufa lini, Mbonea? Au siku hizi unahubiri?"

Waliokuwapo wakacheka. Naye akacheka, kicheko kifupi, huku akitazama chini.

Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni pa karakana. "Kaka Katibu," akasema, "kitu hiki ni kizito, na mnakipakia magunia mawili. Kikianza kushuka kitasimama na nini?"

"Kitasimama na mwanamume, dada," akadakia mmoja wetu. "Wewe katwange mahindi."

Tukacheka tena. Mimi nilikuwa na jibu la swali lile. Nilikuwa nimeshusha gunia moja moja kwa miaka kumi. Nilijua soli inavyopata moto ukifika kona ya tatu, nilijua mguu unavyotetemeka. Nilinyamaza. Ndipo nilipoangalia mlima.

Alhamisi niliteremka mapema, nikawapanga watu pande zote mbili za barabara pale inapoingia gulioni. Kina mama mbele, wenye ngoma nyuma yao. Nilitaka wanunuzi waone umati. Mbonea akatokea kona ya juu na magunia yake mawili, na mbio zile hazijawahi kuonekana mlimani kwetu. Tukashangilia. Akapunga mkono. Tukazidi kushangilia, tukasogea hadi katikati ya barabara ili tumwone vizuri.

Hakuwa anatusalimu. Alikuwa anatuondoa njiani. Alikuwa anapiga kelele pia, lakini nani angemsikia? Ngoma nilizileta mimi.

Katambuga ilikuwa imeshakatika, na mguu umeshaingia kati ya uma na spoki za tairi la mbele. Alipoona hatusogei, aliuvuta mpini akajibamiza kwenye ukingo wa mtaro. Hakuna mwingine aliyepata hata mkwaruzo. Hospitali walimkata mguu wa kulia, juu ya goti.

Breki zilifika Jumamosi, kama alivyosema.

Jumapili tulikutana. Kila aliyesimama alisema ni mapenzi ya Mungu. Nami nikasimama, mimi mwenye maneno mengi, nikasema, "Ndugu zangu, ajali haina kinga."

Nakijwa akanyanyuka. Hakupaza sauti. "Haina kinga, Katibu? Kinga ilikuwa inakuja Jumamosi. Wewe ndiye uliyeikataa."

"Dada Nakijwa, mimi sikugusa hata spana."

"Hukugusa. Ulishangilia. Na hawa wote walishangilia. Mshangilia mbio ndiye mkata breki."

Watu walitoka mmoja mmoja, na jioni ile neno lake lilikuwa limefika kila jiko. Ukatibu niliuacha, lakini hilo si lolote. Mbonea hajawahi kunilaumu. Hadi leo nikipeleka baiskeli yangu anaitengeneza, ameegemea gongo, ananiuliza habari za nyumbani. Angenitukana ningepumua.

Wanunuzi nilizoea kuwaita wanyonyaji, kwamba wanatumia miili ya wengine kwa faida yao. Niambieni basi, mimi niliutumia mwili wa nani?

Sasa mmeuelewa msemo. Nakijwa hakuwatukana, amewauliza swali lilelile, kitasimama na nini, nanyi mko hapa mnabishana nani atatangulia kuipanda na nani atapiga picha. Kati yenu wapo wasioshika hata bisibisi, wamekuja kupiga makofi tu. Hao ndio ninaosema nao. Mshangilia mbio ndiye mkata breki.

Inukeni. Ing'oeni hiyo plagi ya injini, mnipe mkononi. Kisha isukumeni, wote, kwa miguu yenu, mpaka kwa Mbonea, mkamwombe awafunge breki mbili na awafundishe kuijaribu. Si kesho. Haya, shikeni mpini.