Chungu cha Pilipili cha Bi Rukia

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Chungu kipo?"
"Kipo!"
"Moto upo?"
"Upo!"
"Na mpishi?"
"Mpishi katangulia!"

Basi sogeeni. Anayetaka kucheka aende kwa jirani, maana hapa leo ni kilio.

Hapo kale palikuwa na Mzee Vuai, na mkewe Bi Rukia, na binti yao Mwanakheri. Bi Rukia alikuwa na pilipili yake ya chungu, aliyofundishwa na mama yake, na mama yake akafundishwa na mama yake. Mzee Vuai hakujua kula wali wala muhogo bila pilipili ile. Na mila yao ilikuwa hivi: binti hafundishwi mpaka siku ya harusi yake. Bi Rukia akafa, Mwanakheri hajaposwa.

Mzee Vuai akaacha kula. Akiletewa wali, anausukuma.

"Niletee pilipili ya mama yako, mwanangu. Nikiionja tu, nitakula."

Mbavu zikamtoka. Mwanakheri akaingiwa na hofu: mama kaenda, na baba naye anaondoka hivi hivi akimwona.

Siri ya mtungi muulize kata. Akaiuliza kata, kata kimya. Akamwendea Kuku.

"Kuku, Kuku, mama alitia nini?"

"Nikiulizwa najibu, nisipoulizwa nanyamaza. Pilipili zake hazikuwa mbichi. Alizianika juani mpaka zikanyauka, nami nikizidonoa akinifukuza."

Mwanakheri akaanika, akatwanga, akapika. Baba akaonja.

"Kali ni kali, mwanangu. Lakini si yake."

Akamwendea Paka.

"Paka, Paka, mama alitia nini?"

"Nikiulizwa najibu, nisipoulizwa nanyamaza. Alitia embe mbichi, na kitunguu thomu, na chumvi ya mawe."

Mwanakheri akamenya, akatwanga, akapika. Baba akaonja.

"Tamu ni tamu, mwanangu. Lakini si yake."

Akamwendea Mjusi, mkaa ukutani jikoni.

"Mjusi, Mjusi, mama alitia nini?"

"Nikiulizwa najibu, nisipoulizwa nanyamaza. Vyote umetia. Ila mama yako hakukimaliza chungu hata siku moja. Alibakiza mashapo chini, akamimina pilipili mpya juu yake. Mashapo yale aliyakuta kwa bibi yako, na bibi yako aliyakuta kwa mama yake. Chungu kile hakikuoshwa tangu kilipofinyangwa."

Mwanakheri akakiinamia chungu, akachungulia ndani. Maana siku ya kuanua matanga, wanawake walipotoa vyombo nje, yeye mwenyewe alikibeba chungu kile, akakisugua kwa mchanga, akakisugua kwa majivu, akakisugua kwa kumbi la nazi, mpaka kikawa kama kipya. Alitaka watu waseme Bi Rukia ameacha binti msafi.

"Mjusi, uliniona nikisugua?"

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Nisipoulizwa nanyamaza."

Akatoka mbio mpaka pale alipomwaga maji ya chungu. Akafukua kwa kucha. Akachota udongo, akauweka ulimini. Ulikuwa udongo mtupu. Alilia, jamani, alilia mpaka sauti ikakauka.

Akaenda kupiga magoti kitandani kwa baba yake.

"Baba, nilikiosha chungu cha mama."

Mzee Vuai akamgeukia.

"Ulitaka kumheshimu mama yako?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hukukosa, mwanangu. Nipe maji."

Akanywa, akageukia ukuta. Hakula tena. Mwezi haujaandama, wakamlaza ubavuni mwa mkewe.

Matanga ya pili yakaanuliwa. Wanawake wakatoa vyombo nje, wakaja na mchanga na majivu. Mwanakheri akakaa sakafuni, kakipakata chungu, na ndani mna ile pilipili yake iliyokataliwa.

"Hiki hapana."

"Lete tuoshe, mama, kinanuka."

"Hiki hapana. Niacheni nacho."

Wakatazamana, wakasema uchungu umempanda kichwani. Wakamwacha.

Enyi mlio na siri za jikoni, msingoje harusi. Harusi hutangazwa, mauti hayatangazwi. Na wewe unayependa usafi, uliza kabla hujasugua.

Mimi nilikuwepo matangani, nikapewa wali mkavu. Tonge lilinikwama hapa, na mkinisikia nakohoa msisingizie moshi.

Ngano yangu imekwisha. Ikiwakolea, ni yetu sote. Ikiwawasha, maji yapo mtungini.